Kwa nini kibao cha pikoboli hupiga kwa nguvu zaidi kinapoanza kuharibika

KATIKA viwanja vya wazi vya miji ya Marekani kuna jambo dogo ambalo mgeni anaweza kuliona asilielewe. Mchezaji anaazima kibao cha mwenzake, anakisogeza sikioni, kisha anakigonga kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, mfano wa mnunuzi agongavyo tikitimaji sokoni ili ajue kama limeiva. Anasikiliza. Mlio ukiwa mkavu na wa namna moja kila mahali, kibao ni kizima. Ukisikika mahali fulani mlio mzito, kama wa kitu kilichoachana ndani, kibao kimeanza kuoza.

Ajabu ni kwamba kibao hicho kilichoanza kuoza ndicho ambacho baadhi ya wachezaji hukitamani. Kinaurusha mpira kwa kasi kuliko siku kilipotoka dukani. Na ndicho hicho ambacho, katika mashindano rasmi, mwenyewe anaweza kuzuiwa kukitumia.

Kisa hiki cha kifaa kinachonoga kikielekea kufa kimewasumbua wahandisi, wachezaji na watunga kanuni wa mchezo huo kwa miaka kadhaa sasa. Ili kukielewa, hatuna budi kuanza na mchezo wenyewe, kisha tuingie ndani ya kibao.

Pikoboli ilizaliwa majira ya kiangazi ya mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, karibu na jiji la Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Joel Pritchard, wakati huo mjumbe wa Bunge la jimbo la Washington ambaye baadaye aliingia katika Bunge la taifa hilo, alirudi nyumbani pamoja na rafiki yake Bill Bell wakawakuta watoto wamekaa bila la kufanya. Uwanja wa badmintoni ulikuwapo, lakini vifaa vyake havikuonekana. Wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, mchezo ukaanza. Rafiki yao mwingine, Barney McCallum, akachonga vibao vikubwa zaidi kwa mbao. Kuhusu asili ya jina la mchezo, simulizi hazipatani: wengine husema lilitokana na mbwa, wengine na mashua, na hilo tuwaachie wenyewe.

Uwanja wa pikoboli una urefu wa meta 13.4 na upana wa meta 6.1. Katikati kuna wavu unaofika kiunoni, na kila upande wa wavu huo kuna eneo la meta 2.13 ambalo mchezaji aliyesimama ndani yake haruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Wamarekani huliita eneo hilo "jiko". Kwa sababu ya jiko hilo, mchezo mwingi huchezwa na watu wanne waliosimama karibu sana, wakitazamana uso kwa uso kwa umbali wa meta 4 na kitu.

Mpira ni wa plastiki ngumu, una matundu 26 hadi 40 na uzito usiofika gramu 27. Haudundi sana. Hauna manyoya kama mpira wa tenisi, na kibao chenyewe hakina nyuzi wala raba. Ni kitu kigumu kinachogonga kitu kigumu, kwa muda wa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Katika muda huo mfupi mchezaji hutaka mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Anataka mpira uzunguke kwa kasi, na anataka uende mahali alipokusudia.

Vibao vya mbao vya akina McCallum vilidumu takriban miaka 20 bila mpinzani wa maana. Mabadiliko yaliletwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa ndege. Mwaka 1984 Arlen Paranto, mhandisi wa kampuni ya Boeing, alitengeneza kibao cha kwanza cha tabaka kwa kutumia mabamba mepesi ambayo mashirika ya ndege huyatumia kwa sakafu. Mabamba hayo yana ngozi mbili nyembamba na ngumu, na katikati yake kuna kiini kilichojaa vyumba vidogo vya pembe sita, kama sega la nyuki. Paranto alitengeneza vibao vipatavyo 1,000, vingine vikiwa na ngozi ya nyuzi za kioo na vingine ya grafaiti, kabla hajaiuza kampuni yake.

Muundo huo ndio uliotawala hadi leo. Ubora wake ni uleule wa boriti ya chuma yenye umbo la H. Kitu kinapopinda, upande mmoja huvutwa na upande wa pili hukandamizwa, ilhali katikati hapabebi mzigo mkubwa. Kwa hiyo mhandisi huiweka mali yake ngumu nje, pande zote mbili, na katikati huweka chochote kilicho chepesi mradi kizishike ngozi zisikaribiane. Katika vibao vya sasa kiini hicho aghalabu ni sega la plastiki iitwayo polipropilini, lenye unene wa milimita 13 hadi 16, na ngozi ni kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Kibao kizima huwa na uzito wa gramu 210 hadi 240 hivi.

Sasa tuje kwenye mzunguko, ambao ndio unaouza vibao.

Mpira unaozunguka kwa mbele huikokota hewa inayouzunguka, na hewa hiyo huusukuma chini. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anaweza kuupiga kwa nguvu, ukapita juu ya wavu kana kwamba unatoka nje, kisha ukainama ghafla na kuangukia ndani ya mstari. Mpira unaozunguka kwa nyuma hufanya kinyume. Huelea, na ukitua hunyanyuka kidogo tu, kiasi cha kumlazimisha mpinzani apinde magoti. Yeyote aliyewahi kucheza mpira wa meza anayajua haya.

Mzunguko huo hutokana na msuguano. Kibao kinapoupitia mpira kwa kuupangusa, uso wake huushika na kuuburuta upande mmoja. Wauzaji wa vibao wamelichukua jambo hilo na kulirahisisha kwamba kadiri uso unavyokwaruza zaidi, ndivyo mpira utakavyozunguka zaidi. Kauli hiyo ni kweli hadi mpaka fulani, na baada ya mpaka huo si kweli tena.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kibao kinaupangusa mpira kwenda juu kwa kasi ya meta 10 kwa sekunde, na wakati huohuo mpira na kibao vinagongana uso kwa uso kwa kasi kama hiyo. Mpira tuufikirie kuwa ganda tupu lenye kipenyo cha sentimeta 7.4. Kwa kanuni za kawaida za fizikia, ganda hilo likiburutwa hadi liache kuteleza na kuanza kubingirika juu ya kibao, litaondoka likizunguka mara 1,500 hivi kwa dakika. Msuguano unaohitajika kulifikisha hapo ni takriban asilimia 30 tu ya nguvu inayoubana mpira kwenye kibao. Uso wenye msuguano wa asilimia 40, au hata 60, hautauongezea mpira huo mzunguko wowote. Umekwisha kushikwa, na hauwezi kushikwa mara mbili.

Ukali wa uso huonyesha faida yake pale mchezaji anapoupangusa mpira kwa pembe nyembamba, kibao kikipita karibu sambamba na mpira badala ya kuugonga. Hapo nguvu ya kubana ni ndogo, uso laini huteleza, na uso wenye kukwaruza hushika. Kwa hiyo kibao kikali humsaidia sana mwenye mkono wa kupangusa, na humsaidia kidogo sana yule anayegonga tu. Ningependa wanunuzi wengi wangelijua hilo kabla ya kutoa fedha zao.

Ipo njia ya kuuvuka mpaka wa kubingirika. Uso wenyewe ukiwa laini kiasi cha kuvutika upande mmoja pamoja na mpira, kisha ukarejea kwa haraka kabla mpira haujaondoka, huuongezea mpira msukumo wa pili. Hiyo ndiyo siri ya raba ya mpira wa meza. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia mjini Bombay, Mjapani Hiroji Satoh aliingia na kibao kilichofunikwa sponji nene, akawashangaza mabingwa wa Ulaya na kutwaa taji la mchezaji mmoja mmoja kwa wanaume. Ilichukua hadi mwaka 1959 kwa shirikisho la kimataifa la mchezo huo kuweka kanuni za unene, na hadi leo sponji na raba yake kwa pamoja havitakiwi kuzidi milimita 4.

Watunga kanuni wa pikoboli hawakutaka kupitia njia hiyo. Kanuni za USA Pickleball, shirika linalosimamia mchezo huo Marekani, zinapiga marufuku raba, chembe za raba na rangi iliyochanganywa na mchanga kwenye uso wa kibao. Wahandisi walibakiwa na uso mgumu, na kazi yao ikawa kutafuta namna ya kuufanya uso mgumu ung'ate.

Walichokipata kinaitwa madukani "kaboni ghafi", na jina hilo linapotosha kidogo.

Kitambaa cha kaboni kinapotandazwa na kuloweshwa epoksi, juu yake huwekwa kitambaa kingine cha nailoni, kisha vyote hukandamizwa kwa joto hadi gundi ikauke. Baada ya hapo kile cha nailoni hubanduliwa. Kinapotoka huacha alama ya mfumo wake kwenye gundi, maelfu ya vilima na mabonde madogo yaliyopangika kama nguo iliyofumwa. Hakuna rangi inayopakwa juu yake, na ndiyo maana huitwa ghafi. Lakini kinachoung'ata mpira si kaboni, bali ni vile vilima vya gundi.

Ndiyo maana mwandishi huyu huona ajabu anaposoma matangazo yanayojivunia aina ya nyuzi zilizotumika. Nyuzi za T700 za kampuni ya Toray ya Japani, zinazotajwa sana katika biashara hii, ni nyuzi bora. Kila uzi una kipenyo cha maikromita 7, yaani kama sehemu moja ya kumi ya unywele wa binadamu, na nguvu yake ya kuhimili mvuto ni megapaskali 4,900, kiwango ambacho chuma cha kawaida cha ujenzi hakikikaribii. Nguvu hiyo inasaidia ngozi ya kibao iwe ngumu na nyepesi. Kuhusu kuushika mpira, haina la kusema.

Kanuni zimeweka kikomo cha mkwaruzo huo. Kifaa chenye sindano nyembamba hupitishwa juu ya uso wa kibao na kupima vilima na mabonde. Wastani wa kimo chake hautakiwi kuzidi maikromita 30, na tofauti kati ya kilele cha juu kabisa na bonde la chini kabisa haitakiwi kuzidi maikromita 40. Maikromita 30 ni chini ya nusu ya unene wa unywele. Kwa kiasi hicho kidogo, watu hulumbana.

Mchezo wenyewe nao ulipata kubadilishwa na mzunguko. Mwaka 2021 kulizuka mtindo wa kuanzisha mpira kwa kuuzungusha kwanza mkononi kwa vidole kabla ya kuupiga, uliopata umaarufu kupitia mchezaji Zane Navratil. Mpokeaji hakuweza kujua mpira utaruka upande gani ukidunda. Kanuni zilibanwa mwaka 2022, na tangu mwaka 2023 hairuhusiwi kuuzungusha mpira kabisa wakati wa kuuachia mkononi. Mzunguko uliosalia halali wakati wa kuanzisha ni ule unaotoka kwenye kibao peke yake, na thamani ya uso wa kibao ikapanda.

Upande wa pili wa kazi ya mhandisi ni kuudhibiti mpira, na hapa ngozi humpisha kiini.

Watu husema kiini kinene ni "kilaini". Maelezo ya kiufundi yako kinyume kidogo na kauli hiyo. Bamba lenye ngozi mbili huwa gumu zaidi kupinda kadiri ngozi hizo zinavyotenganishwa. Kibao cha milimita 16 kwa hiyo hupinda kidogo kuliko cha milimita 13 kinapogongwa. Kwa kuwa kibao hakipindi, ni mpira unaolazimika kubonyea, na plastiki ya mpira ni mpotevu mkubwa wa nishati. Hubonyea kwa nguvu nyingi na kurudisha sehemu yake tu. Mpira huondoka polepole, na mchezaji huuona ukitii. Kibao chembamba hupinda kama ubao wa kurukia maji, huihifadhi nishati hiyo kisha huirudisha, mpira ukaondoka kwa kasi. Kasi hiyo wachezaji huipenda wanaposhambulia na kuijutia wanapotaka kuuweka mpira kwa upole ndani ya jiko.

Jambo jingine ni kibao kupinduka mkononi. Mpira ukigonga pembeni, kibao hujizungusha kwenye mhimili wa mpini na uso wake hugeuka, hata kama mshiko ni imara. Ukinzani dhidi ya kupinduka huko huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali wa uzito kutoka kwenye mhimili. Gramu moja iliyowekwa ukingoni, mara mbili mbali zaidi, hufanya kazi ya gramu nne. Wachezaji wamelijua hilo kwa vitendo, na utawaona wakibandika vipande vya utepe wa madini ya risasi kwenye kingo za kushoto na kulia. Ni marekebisho ya bei nafuu kuliko yote, na pengine yenye manufaa kuliko yote kwa mchezaji wa kawaida.

Viwanda navyo vilitaka kuupeleka uzito ukingoni. Kuanzia mwaka 2022 hivi ulienea utengenezaji mpya. Badala ya kukata bamba na kulibandika mpini, kibao kizima, pamoja na mpini wake, kilifungwa ndani ya kalibu na kukandamizwa kwa joto kali, huku sponji ngumu ikijazwa pembezoni mwa kiini. Kibao kikawa kitu kimoja. Kilikuwa na nguvu, hakikupinduka kwa urahisi, na eneo lake zuri la kupigia lilikuwa pana.

Ni hapo ambapo habari ya kugonga na kusikiliza ilipoanza kuwa nzito.

Sega la polipropilini halipendi joto wala mgandamizo mkubwa. Kuta za vyumba vyake ni nyembamba, na zikishapondwa kidogo kiwandani au kwa mapigo ya mwezi mmoja au miwili, huanza kukunjamana. Wakati mwingine gundi kati ya ngozi na sega huachia. Kwa vyovyote vile, katikati ya kibao hutokea sehemu ambayo ngozi haina tena kitu cha kuishikilia nyuma yake. Hugeuka ngozi ya ngoma. Mpira ukiigonga, ngozi hubonyea kwa urahisi, kisha huurudisha mpira kwa kasi ambayo mhandisi hakuikusudia na kanuni haikuiruhusu.

Kwa kifaa kingine chochote, huo ungekuwa mwisho wa maisha yake na mwanzo wa malalamiko dukani. Hapa ukawa mwanzo wa kishawishi. Mchezaji mwaminifu anaweza asijue kwa nini mipira yake imekuwa mikali wiki hizi. Asiye mwaminifu anajua, na ananyamaza.

Lakini nguvu hiyo ina gharama upande wa pili, maana vile vilima vya gundi vilivyokuwa vikiushika mpira navyo vinasagika. Kila pigo huvikwangua kidogo, na vumbi la uwanja humalizia. Mchezaji wa kila siku hukuta uso umelainika baada ya miezi michache. Kibao kimoja kinakuwa na maisha mawili yanayokwenda kinyume. Mzunguko hupungua tangu siku ya kwanza, na kasi huweza kupanda kuelekea siku ya mwisho. Kibao kilichopimwa na kupewa muhuri siyo, kwa maana ya kifizikia, kile kinachotumika uwanjani miezi sita baadaye.

Mtu anaweza kuuliza, hayo yana uzito gani katika mchezo wa starehe? Turudi kwenye zile meta 4.3 kati ya wachezaji walio ukingoni mwa jiko. Mpira ukienda kwa kasi ya meta 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, huuvuka umbali huo kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtu mzima mwenye afya huhitaji muda unaokaribia huohuo kuuona mpira na kuanza tu kuusogeza mkono. Kibao kikiongeza kasi kidogo juu ya hapo, mpokeaji hachezi tena, bali anajikinga, na ngao yake ni macho na uso. Sehemu kubwa ya wapenzi wa mchezo huu ni watu wa makamo na wazee, waliouchagua kwa kuwa haukuwalazimisha kukimbia.

Upimaji wa zamani haukuweza kuiona hatari hiyo. Uzito uliwekwa juu ya kibao kilichotulia, na wapimaji wakaangalia uso umebonyea kiasi gani. Kibao chaweza kufaulu mtihani wa kusimama kikafeli ule wa kupigwa.

Mambo yalifikia hatua ya hadharani mwaka 2024. Kampuni ya JOOLA, iliyojulikana kwanza kwa vifaa vya mpira wa meza, ilitoa toleo la tatu la vibao vyake, vikiuzwa kwa takriban dola 280 kimoja. Mchezaji wake mkuu alikuwa Ben Johns, aliyesomea sayansi ya mali ghafi za viwandani katika Chuo Kikuu cha Maryland, jambo lisilo la kawaida kwa bingwa wa mchezo wowote. Mwezi Mei mwaka huo USA Pickleball iliviondoa vibao hivyo kwenye orodha ya vilivyoidhinishwa, ikisema vilivyokuwa vikiuzwa havikulingana na vile vilivyowasilishwa kupimwa. Kampuni ilisema kulikuwa na kosa la kiutawala katika uwasilishaji, kisha ikafungua kesi ikidai fidia ya zaidi ya dola milioni 200.

Waliobaki katikati ni wanunuzi. Mtu aliyelipa dola 280 kwa kibao chenye muhuri alijikuta ana kibao ambacho angeweza kukitumia na jirani zake, lakini si katika mashindano yaliyoidhinishwa.

Kuanzia Novemba 2024 shirika hilo lilianza kutumia kipimo kipya. Mtambo huufyatua mpira kwenye kibao kilichoshikiliwa, na vyombo hulinganisha kasi ya kuingia na kasi ya kurudi. Hicho ni kipimo cha kweli zaidi kwa kuwa kinaiga pigo. Tatizo ni kwamba kibao kinachofyatuliwa mpira maabara kwa kawaida ni kipya, nacho hakijaanza kukunjamana ndani.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo kiini cha ubishi kilipo. Kumpima kila mchezaji kibao chake kabla ya kila mechi kunawezekana katika ligi ya wachezaji wa kulipwa walio wachache. Katika bustani ya jiji yenye viwanja 12 na watu 100 wanaosubiri zamu asubuhi ya Jumamosi, hakuna atakayeleta mtambo. Kazi hiyo inabaki kwa kifundo cha kidole na sikio, pamoja na uamuzi wa mwenye kibao kukistaafisha siku kinapompendeza zaidi.

Njia iliyo rahisi zaidi huenda ikatoka viwandani. Katika miaka ya karibuni watengenezaji kadhaa wameanza kuliacha sega la nyuki na kujaza kiini chote kwa sponji ngumu ya plastiki, yenye mamilioni ya viputo vidogo badala ya mamia ya vyumba vyenye kuta nyembamba. Sponji haina kuta ndefu za kukunjamana, na ngozi huibandikiwa kwa eneo lote, wala si juu ya kingo za vyumba peke yake. Sponji nayo huchoka ikipigwa mara nyingi, lakini huchoka kidogokidogo na kwa usawa.

Vibao vya namna hiyo vina mlio tofauti na vile vya sega. Ukivigonga kwa kifundo cha kidole hutoa sauti butu mahali pote tangu vikiwa vipya, hivyo mchezaji aliyezoea kusikiliza sega atalazimika kutafuta namna nyingine ya kujua kama kibao cha mwenzake bado ni kizima.